Dalali wa Sahani ya Elifazi Ambani

Awale Jama alipata leseni yake ya kwanza ya udalali wa mifugo mjini Isiolo tarehe 11 Machi 1974. Leseni hiyo ilitundikwa kwenye ukuta wa hoteli ya mkewe, na picha iliyobandikwa juu yake inamwonyesha mwanamume mwembamba aliyefunga mdomo kama mtu aliyekatazwa na daktari kuufungua.

Kwa kazi yake, mdomo wa namna hiyo ulikuwa mtaji. Katika soko la mifugo la Isiolo bei haikutamkwa. Muuzaji na mnunuzi, kila mmoja kwa zamu yake, waliingiza mkono chini ya shuka la dalali na kumbana vidole. Kidole kimoja kilikuwa kiasi fulani, viwili vilikuwa zaidi, kiganja kizima kilikuwa cha juu kabisa, na kugusa ncha ya kidole ilikuwa karibu na bure. Waliosimama nje waliona shuka likitikisika, basi. Dalali alikwenda kwa huyu, akarudi kwa yule, mpaka mambo yakakutana. Hapo aliwashikanisha mikono, akaipiga kofi na kutangaza nani amechukua nini. Baada ya kofi hakukuwa na kurudi nyuma. Na vidole vilivyobanwa kabla ya kofi, dalali alizikwa navyo. Yule aliyethubutu kusema kwamba fulani alibana kimoja tu, kesho yake alisimama sokoni na shuka lisilo na mkono wa mtu ndani yake, na mwezi uliofuata alikuwa analinda ghala la mtu.

Awale hakuwahi kusema. Tena hakupenda muziki wa aina yoyote, jambo lililojulikana mji mzima. Sifa hizo mbili ndizo zilizomtia matatani mwaka 1981.

Muziki ulikuwa wa wateja wa mkewe. Madina alikuwa na hoteli ya chai mtaani Wabera, nao wateja walichanga wakanunua gramafoni ya betri na kuiweka juu ya kabati la vikombe. Kila alasiri walimsikiliza mtu mmoja, Elifazi Ambani, mpiga gita aliyeanza kutoa sahani za santuri kabla ya uhuru. Ambani alikuwa na gita lake, sauti ya mtu anayemlalamikia jirani, na mwenzake wa nyuma aliyegonga chupa ya soda kwa msumari. Ting-ting, ting. Madereva wa malori waliigonga chupa hiyo kwenye usukani. Wachungaji waliokuja mjini kuuza mbuzi waliigonga kwenye bilauri za Madina, wakatozwa zilizovunjika. Watu ambao hawakuelewana juu ya malisho, visima wala dini walielewana juu ya ile chupa.

Mwezi wa sita Ibrae, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Garbatulla, alirudi kutoka Nairobi na sahani mpya ya Ambani. Hoteli ilijaa. Madina aliweka sindano. Zikaanza ngoma zilizopiga kama mashine ya kusaga, kikafuata kinanda cha umeme, kisha wanawake waliokuwa wakiitikia "uu, uu" kama wanaopuliza uji. Ambani mwenyewe alisikika kwa mbali.

Wimbo uliisha. Kiragu, mwenye duka la sukari na soda ng'ambo ya barabara, ndiye aliyezungumza kwanza.

"Chupa iko wapi?"

"Chupa ya nini?" akauliza Ibrae.

"Chupa ya Ambani! Nimengoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chupa haikuja."

"Labda ameirudisha dukani," mtu akasema, na watu wakacheka, lakini si Kiragu.

"Mzee amekua, Kiragu," akasema Ibrae. "Sasa anapiga muziki ya dunia. Wewe unataka chupa kwa sababu unauza soda."

"Na wewe unapenda kinanda kwa sababu kinalia kama ngamia wako!"

Tangu siku hiyo wateja waligawanyika. Watu wa Chupa walikaa karibu na mlango chini ya Kiragu, Watu wa Kinanda wakakaa karibu na jiko chini ya Ibrae. Watu wa Chupa walisema sahani hiyo ni ya mtu mwingine aliyeiba jina. Watu wa Kinanda walisema mtu anayetaka chupa akanunue chupa. Kila Ibrae alipoomba sahani mpya, upande wa mlango uligonga bilauri mpaka kinanda kikamezwa. Kila zilipopigwa za zamani, upande wa jiko uliitikia "uu, uu." Kabale, mama aliyeleta maziwa kila asubuhi, aliacha kuingia ndani. Alisema amezaa watoto saba na hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga kelele za namna ile.

Siku Watu wa Kinanda walipokalia gramafoni ili isipigwe, chifu alikuja mwenyewe. Alisikiliza pande zote mbili kwa adabu. Kisha akasema huo ni mkutano, na mkutano unahitaji leseni, hata ukiwa wa chupa.

"Hatuna mkutano, chifu," Kiragu akasema. "Tunagombana tu."

"Mkigombana wawili ni ugomvi. Mkigombana arobaini ni mkutano. Nikiwakuta tena, gramafoni hii nitaikalia mimi."

Ibrae ndiye aliyefikiria soko. Sokoni watu hukusanyika bila leseni ya mtu, mradi kuna kitu kinachouzwa. Basi sahani iuzwe. Kiragu na Ibrae, kwa niaba ya watu wao, waseme chini ya shuka la dalali kila mmoja anaitaka sahani mpya kwa kiasi gani. Anayeitaka zaidi aichukue iwe yake. Mwenzake achukue sanduku la sahani za zamani. Gramafoni ibaki kwa Madina, na kila mmoja apige zake kwa siku zake. Matokeo yalijulikana kabla ya kuanza: mpya ingekwenda kwa Ibrae na za zamani kwa Kiragu. Lakini hakuna aliyekubali kupewa na mwenzake, na kofi la dalali si kupewa.

Walimtaka Awale kwa kuwa ndiye mtu pekee Wabera ambaye hakuwa na upande.

"Mimi ni dalali wa mifugo," akawaambia.

"Mzee Awale, hii ni rahisi kuliko mbuzi," akasema Ibrae. "Haili, haikimbii."

Madina alimkaribia mumewe jikoni. "Baba Nimo, wapigie hilo kofi yaishe. Wakihama hapa, chai hii nitamwuzia nani? Wewe?"

Siku ya soko walikwenda wote. Askari wa getini aliwazuia, kwa sababu kanuni ilisema kila kinachoingia kuuzwa lazima kiwe kimefungwa kamba. Wakabishana naye kidogo, kisha wakaifunga sahani kamba na kuivuta ndani pamoja na ganda lake, Ibrae mbele na Kiragu nyuma kuhakikisha hakwaruzi nyimbo. Wanunuzi wa ng'ombe waliacha ng'ombe wao. Mzee mmoja wa Kiturkana aliuliza ina umri gani.

Awale alitandaza shuka mkononi na kuanza na Kiragu.

"Takataka!" Kiragu aliwapigia watu kelele, uso ukiwa juu. "Hata bure siitaki! Mtu na akili zake atachukua hii?"

Chini ya shuka, mkono wa Kiragu ulikamata kiganja kizima cha Awale na kukibana mpaka mifupa ikalia.

Awale alidhani mwenzake ameteleza. Akamwambia taratibu, "Kiragu, shika vizuri."

Kiragu akashika vizuri. Akakibana tena, mara mbili, na kidole gumba kikamsugua dalali kama mtu anayeomba.

Awale akaenda kwa Ibrae.

"Hii ndiyo muziki!" Ibrae aliwaambia Watu wa Kinanda, nao wakaitikia "uu, uu." "Ambani amezaliwa mara ya pili! Ngamia wangu wote kwa sahani hii!"

Na chini ya shuka, Ibrae aliugusa ukucha wa Awale kwa ncha ya kidole, haraka, jinsi mtu anavyomgusa nyoka kujua kama amekufa. Kisha akautoa mkono.

Dalali alirudi kwa Kiragu, akarudi kwa Ibrae, akarudi tena. Majibu yalikuwa yale yale. Kiragu aliendelea kutukana na kubana. Ibrae aliendelea kusifu na kugusa. Jasho lilimtoka Awale, naye ni mtu aliyewahi kuuza fahali mwenye hasira bila kuvua koti.

Alisimama katikati na kulifikiria jambo hilo kama mtu wa kazi. Akitangaza kile ambacho kila mtu alikingoja, atakuwa amesema uongo juu ya vidole alivyopewa, na wenye vidole wanajua. Akitangaza kweli, watu wote watahesabu wenyewe nani alibana nini, na wanaume wawili wataaibika mbele ya watu wao. Wasipohesabu hivyo, basi watasema jambo moja tu: kwamba Awale amekosea. Hilo la mwisho lilikuwa linaharibu jina moja badala ya mawili. Jina hilo lilikuwa lake, na hakuwa na duka wala ngamia wa kumlisha likiharibika.

Akaikamata mikono yao, akaishikanisha na kuipiga kofi.

"Kiragu amechukua mpya," akatangaza. "Ibrae amechukua sanduku la zamani. Imekwisha."

Kisha soko likapasuka.

"Awale, umelala?"

"Vidole vimekufa ganzi! Mzee hasikii tena!"

"Mwuzeni na yeye!" Kabale akasema kutoka upande wa maziwa. "Na kamba iko tayari!"

"Nimeonewa!" Kiragu alilia, sahani akiwa ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. "Nimebebeshwa uchafu mbele ya watoto wangu!"

"Nimedhulumiwa mchana kweupe!" Ibrae alilia kwa sauti ya juu zaidi, sanduku likiwa tayari begani. Alikuwa amefika getini kabla hajamaliza sentensi.

Hakuna aliyehesabu. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba dalali amezeeka kuliko kuamini kwamba Kiragu anapenda kinanda.

Wario, aliyekuwa akimpa Awale ng'ombe wake wote tangu mwaka wa leseni, alimvuta kando. "Rafiki yangu, niambie mimi peke yangu. Walibana nini? Nitawaambia watu uko sawa, na sitataja kitu."

"Vidole vyako nimevishika miaka saba, Wario. Unataka navyo nimwambie nani?"

Wario aliondoka kwa hasira. Wiki iliyofuata alipeleka fahali wake kwa Lochoro, dalali kijana mwenye kicheko kirefu. Wengine wakamfuata. Awale alisimama sokoni siku nzima na hakuna aliyeinua shuka lake. Alipofika nyumbani Madina alimwekea chai na kukaa mbele yake.

"Hata mimi huniambii?"

"Hata wewe, Mama Nimo."

"Mimi ni mke wako."

"Nawe si dalali."

Madina alinyanyuka na kwenda kuosha vikombe kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika.

Hotelini mambo yalipoa. Kiragu alikuja asubuhi na mapema kabla ya kufungua duka, sahani ikiwa ndani ya gazeti. "Nipigie, mama," alimwambia Madina. "Nataka kuhakikisha bado ni mbaya." Aliisikiliza kwa uso wa msiba huku kiatu kikipiga sakafu. Watu wa Chupa walikuja kumfariji, na kwa sababu ya kumfariji walishika maneno yote. Ibrae, kila alipokuja mjini, alipiga za zamani moja baada ya nyingine, macho yamefungwa, ili ajue amedhulumiwa kiasi gani. Dhuluma ilimchukua mpaka jua lilipoinama. Siku moja aligonga bilauri kwa kijiko, akashtuka, akaomba radhi kwa watu wake. Wakamwambia wanaelewa, uchungu una mambo.

Awale aliyasikia hayo yote kupitia ukutani, akiwa amelala kitandani nyuma ya hoteli wakati ambao wanaume wengine walikuwa sokoni. Aliwaza kuuza mbuzi wake wawili. Aliwaza pia ghala la Kiragu, ambalo halikuwa na mlinzi, akaliacha wazo hilo.

Mwezi wa nane Ibrae hakuingia hotelini. Alizunguka nyuma, akapiga hodi kwenye mlango wa jikoni.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Gramafoni iko mbele."

"Sikujia gramafoni. Nina ngamia Garbatulla. Nataka uwauze."

Awale akamtazama. "Watu wanajua nilikudhulumu."

"Wanajua."

"Lochoro yuko, tena ana wanunuzi wa Meru."

"Lochoro anaongea," akasema Ibrae.

Upande wa pili wa ukuta kinanda kilianza, na sauti ya Kiragu ikasikika ikisema kwamba leo ni mbaya kuliko jana, rudia tena mama.

"Watasema huna akili," akasema Awale, "kumrudia mtu aliyekukosea."

"Waseme. Wamesema mengi juu ya sahani." Ibrae alishusha sauti. "Na Kiragu anataka kununua punda wa kubebea sukari. Ameniuliza kama bado unafanya kazi. Nimemwambia akuulize mwenyewe, lakini anaona haya."

"Mwambie aje kwa mlango huu."

Ibrae akakubali kwa kichwa. Awale aliingia ndani kumwambia mkewe amfungie chapati za safari, naye Madina hakuuliza za safari gani. Jumatatu asubuhi Awale alipanda lori la Garbatulla kwenda kuwaona ngamia.