Vibao vya Chumba cha Nyuma

Vibao vyekundu ambavyo waombolezaji waliviona katika chumba cha nyuma, siku fundi alipozikwa, havikuwa vya wizi. Hilo litangulie, maana majamvi yalikuwa hayajakunjwa na tayari maneno yameshatoka uani na kufika sokoni: kwamba marehemu aliiba mitungi ya kuzimia moto kiwandani, akamponza shemeji yake mwenyewe, na bado mkono haukutulia, akahamia kwenye vibao. Wapo walionong'ona hayo huku wameshika vikombe vya nyumba hiyohiyo. Wengine wakatia chumvi kwamba akili zilikuwa zimeshamruka. Hakuiba, na akili zake zilikuwa timamu mpaka siku ya mwisho. Habari yenyewe ni hii.

Alikuwa mkaguzi wa vifaa vya kuzimia moto, mwenye leseni, na mji mzima ulimwita Tikisa. Jina lilitokana na kazi. Wakaguzi wengine huingia dukani, wakachungulia geji, wakaona mshale umelala kwenye kijani, wakatia sahihi na kuaga. Yeye aliushusha mtungi ukutani, akaugeuza kichwa chini, akausogeza sikioni na kuutikisa kama mtu anayechagua nazi. Unga ulio hai huporomoka ndani kama mchanga mkavu. Uliokufa hauporomoki. Umeshikamana kama saruji, na mshale uko kwenye kijani vilevile, kwa sababu geji hupima hewa, haipimi unga. Ukiubonyeza mtungi wa namna hiyo, unakohoa tu.

Kanuni yake ilikuwa moja, na hakuna mwenye duka aliyewahi kumlainisha: mtungi uliokufa haukai ukutani. Mtu akikuta ndoano tupu, alisema, atautafuta mlango. Akikuta mtungi atauamini, atasimama nao mbele ya moto anabonyeza na kubonyeza mpaka nguo zishike moto. Alikuwa amewahi kumwona mtu wa namna hiyo, zamani, alipokuwa zimamoto. Hakupenda kumsimulia.

Miongoni mwa wateja wake kilikuwamo kiwanda cha magodoro, na mtunza stoo wa kiwanda hicho alikuwa mdogo wa mkewe. Huyo alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mdomo usiojua mapumziko. Yeye na shemeji yake damu zao zilipatana. Walitaniana tangu siku ya posa, naye mke wa fundi, mwalimu wa sekondari, alizoea kusahihisha madaftari ya wanafunzi huku wawili hao wakirushiana maneno juu ya kichwa chake.

Siku ya ukaguzi, mdogo mtu hakuwapo kazini. Alikuwa amechukua ruhusa kumuuguza mama yao. Tikisa alizunguka kiwanda kizima, akatikisa mtungi baada ya mtungi, na kila mmoja ulikuwa jiwe. Mabomba yalikuwa yamevuja mwaka mzima, unyevu umepenya. Akamwita meneja.

"Mshale uko kwenye kijani, fundi," meneja akasema. "Unataka uende wapi tena, mbinguni?"

"Weka sikio hapa usikilize."

"Nina magodoro ya kupakia. Sina muda wa kusikiliza mitungi."

"Basi naibeba. Ukipatikana unga mpya, nitairudisha imejazwa."

"Beba. Ila idhini ya kununua unga inatoka makao makuu, siyo kwangu."

"Na mpaka itoke?"

"Mpaka itoke, tutasali."

Tikisa akawakusanya wafanyakazi pale kwenye mashine za kushonea. Akawaambia, "Kuanzia sasa humu hamna mtungi. Ukiona moto, hata uwe mdogo kama wa kiberiti, tupa ulichoshika utoke nje. Usitafute kitu." Kisha akaipakia mitungi kwenye pikapu yake mchana kweupe, mlinzi wa geti akimsaidia kuinua. Mwizi gani huyo anayesaidiwa kupakia na mlinzi?

Vikabaki vibao. Kila penye ndoano palikuwa na kibao chekundu chenye picha ya mtungi na mshale wa kuelekeza chini. Alikiendea kimoja, kilichokuwa mwisho wa ujia, mbali na mlango wa stoo, akakiwekea bisibisi kwenye skrubu. Akasita. Kibao kisicho na mtungi humsuta mwenye jengo kila anapopita. Ukikiondoa, ukuta unakuwa ukuta kama kuta nyingine, na baada ya muda hakuna atakayekumbuka kwamba pana upungufu. Ndivyo wakaguzi walivyofundishana. Akairudisha bisibisi mfukoni, vibao vyote vikabaki.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja kula chakula cha mchana kwa dada yake, akiwa na mama yao. Hata kiti hajakikalia, alianza.

"Shem, nasikia umetufagia kiwandani! Hata mtungi wa kusingizia hukutuachia?"

"Imekufa. Nimeiondoa."

"Imekufa! Na mazishi lini, tuchange? Sema umeiuza, utununulie nyama tunyamaze."

"Hebu sikiliza, wewe. Ukiona moto unafanya nini?"

"Namwitia polisi mwizi wa mitungi."

"Nakuuliza kweli."

"Nakimbia, shem. Na mwili huu nitawaacha wote nyuma, si unauona ulivyo mwepesi?"

Akacheka mpaka maji yakampalia, mama yake akawa anampigapiga mgongoni: "Mwache mwenzio ale, mtoto wewe." Tikisa naye alicheka. Alikuwa amesema la kusema, akaona limefika.

Kesho yake mdogo mtu aliingia kiwandani na utani wake ukiwa bado wa moto. "Jamani, shemeji yangu katuibia mitungi! Akija tena mfungieni geti!" Wakacheka wote. Kwa siku kadhaa kila aliyepoteza mkasi au rula alisema imekwenda na Tikisa.

Moto ulianzia kwenye chumba cha kukatia, ambako sponji hukatwa kwa waya uliopashwa moto. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Wafanyakazi walifanya walivyoambiwa: walitupa walivyoshika, wakatoka. Mtunza stoo alikuwa na mlango wake wa nyuma, uko wazi, na akawatoa wenzake wawili kupitia hapo. Mshonaji mmoja wa wale aliowatoa alieleza baadaye kwamba mtunza stoo mwenyewe alikuwa ameshatoka, miguu yote miwili iko uani, alipogeuka na kuchungulia ndani.

"Bado mdogo huo," akasema. "Ngojeni."

Akarudi.

Sponji haiwaki kama mbao. Inayeyuka, inadondoka, na moshi wake ni mweusi mzito unaoshuka kutoka darini kama pazia. Waliompata walimkuta mwisho wa ujia, chini ya kibao chekundu, vidole vya mkono wa kulia vimekaza kwenye ndoano tupu. Alikuwa anajua kwamba mitungi haipo. Alikuwa ameifanyia mzaha wiki nzima. Lakini mtu aliye ndani ya moshi huenda na kile ambacho macho yake yanaona, na yeye macho yake yaliona mshale.

Kamati ya uchunguzi ilikaa katika ukumbi wa baraza la mji. Meneja alikula kiapo, kisha akasema hakuwahi kuambiwa kwamba mitungi ni mibovu. Mfanyakazi mmoja, mtu mzuri tu asiye na kinyongo na yeyote, akaulizwa kama aliwahi kusikia lolote juu ya mitungi hiyo. Akajibu, "Marehemu mwenyewe alituambia shemeji yake kaiiba." Wakili wa kiwanda akalidaka neno hilo na hakuliachia tena.

Mke wa fundi alisimama bila kuitwa. "Huo ulikuwa utani. Walikuwa wakitaniana mezani kwangu. Nilikuwapo."

"Na nani mwingine alikuwapo?" wakili akauliza.

"Mama yetu."

"Naye yuko wapi?"

Mama yao alikuwa kitandani. Tangu mazishi alikuwa hajatamka neno.

"Kwa hiyo ni wewe peke yako, mke wa mtuhumiwa. Ahsante, mwalimu. Kaa."

Mitungi yenyewe polisi waliikuta yote karakanani kwa Tikisa, haijapungua hata mmoja, wakaifungua mbele ya kamati na unga ukatoka mabonge mabonge. Kwa hiyo la wizi lilikufa palepale, ndani ya ukumbi. Waliokuwa nje hawakulisikia likifa, au hawakutaka.

Asubuhi ya siku hiyo, mkewe akimfunga vifungo vya mikono ya shati, alikuwa amemwonya: "Jibu unachoulizwa. Usiongeze hata nukta." Mwenyekiti alipofika mwisho alimuuliza, kama wanavyouliza wenyeviti wote, iwapo ana la ziada. Mkewe, kwenye benchi la mbele, akatikisa kichwa. Tikisa alimwona. Akamtazama, kisha akageukia meza.

"Ninalo. Mitungi niliiondoa, na leo ningeiondoa tena. Kibao nilikiacha. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu, nikairudisha mfukoni. Kibao ndicho kilichomwita."

Wakili hakuwa na haja hata ya kusimama. Leseni ikafutwa, kiwanda kikaondolewa lawama, na maneno "amekiri mwenyewe" yakatoka mlangoni kabla ya fundi na mkewe kutoka.

Njiani mkewe alisema, "Nilikuambia usiongeze."

"Alikuwa mdogo wako, Mwalimu."

"Najua alikuwa nani."



Baada ya hapo Tikisa hakuwa na kazi, ila miguu ilikataa kukaa. Kila alipopita dukani au ofisini macho yalipanda ukutani yenyewe. Akiona kibao hakina mtungi chini yake, aliingia, akasalimia, akauliza mtungi uko wapi. Kama haupo, aliomba ruhusa akibandue. Wengine walimruhusu wapate kumwondoa. Wengine walimtukana, naye alikibandua vilevile. Nyuma ya kila kibao aliandika kwa chaki kilikotoka, ili mwenyewe akipata mtungi kirudi mahali pake. Wachache walipata, na aliwarudishia kwa mkono wake.

Mwenye duka la dawa hakuwa wa kuombwa. "Mitungi umeimaliza, sasa umehamia kwenye vibao?" alimpigia kelele mbele ya wateja. "Toka, muuaji wewe!"

"Leta mtungi, nitakigongomea mwenyewe."

Walimsukuma mpaka barabarani, kibao kikiwa tayari mkononi mwake, shati likachanika begani, kisha wakamwitia polisi. Mkewe alimfuata kituo cha polisi akitokea darasani, chaki ingali mikononi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno makali ya kumwambia mumewe. Alipomkuta amekaa kwenye benchi, kibao amekipakata kama mtoto, maneno hayo yalikwenda kwa mwingine.

"Huyu ni mume wangu," alimwambia askari wa zamu. "Na kibao hicho kinadanganya watu. Mfungulieni mashtaka mwenye nacho."

Askari alitazama huku na huku, akawaambia waende.

Alikufa kwa moyo, mchana, kwenye kiti chake karakanani. Hakunywa kitu, hakujifanyia kitu, na daktari aliyempima yuko hai, aulizwe. Vibao bado vimepangwa chumba cha nyuma, chaki haijafutika. Mwenye chake na aje na mtungi uliojazwa, atakabidhiwa bila swali.

Wapo wanaoyasikia haya yote, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakashusha sauti na kuuliza lile walilojia tangu mwanzo: kama mkewe, aliyepoteza mdogo wake kwenye ukuta ule, alimsamehe. Fundi mwenyewe aliuliza hivyo, mara moja tu, akiwa amesimama katika chumba hicho cha nyuma. Alijibiwa. Jibu alilisikia yeye peke yake, akaondoka nalo. Mkewe hatalirudia kwa mtu, si kwa mdomo wala kwa kalamu.