Mkalimani wa Sinema

Wakhungu alirudi kutoka Burma mwaka wa arobaini na sita akiwa dereva hodari. Lakini mzungu aliyemwajiri kabla ya vita, mwenye shamba nje ya Kitale, alimwambia lori limepata mtu mwingine. Akitaka kazi, achukue jembe. Wakhungu hakulichukua. Akapata kibarua cha kutafsiri sinema za serikali kwa kipaza sauti, maana Kiingereza alikiokota jeshini.

Jumamosi moja mchana walionyesha sinema ya kuchekesha katika ghala la mahindi mjini Kitale, madirisha yamezibwa kwa magunia. Ilimhusu askari Mwingereza aliyerudi kwao akakuta kiwandani nafasi yake imekaliwa. Afisa wa sinema, mzungu aliyekijua Kiswahili vizuri, alikuwa amemwonya Wakhungu mapema: yale ya kudai kazi ayaruke, watu wacheke tu.

Mwanzoni walicheka kweli. Askari aliteleza, akaanguka na ngazi, akamwagikiwa na rangi. Kisha akasimama mbele ya mwajiri wake, akaongea kirefu. Wakhungu akanyamaza. Ghala lilijaa askari wa zamani, wengine bado wamevaa makoti ya jeshi, na mbele kabisa alikaa Kimeli, aliyeendesha naye lori huko Burma na kurudi na mkono mmoja.

“Wakhungu,” Kimeli akauliza, “si utuambie huyo anasema nini?”

Afisa alimkazia macho, kidole kwenye swichi. Wakhungu alimfikiria mkewe, Peris, kule Kimilili, aliyekwisha kuwaambia majirani kwamba mumewe sasa ni mtu wa serikali.

“Anasema, mliponipeleka vitani mliniahidi kazi yangu. Nimerudi. Nipeni.”

Picha ikazimika. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyetoka. Wote walikaa gizani wakimwelekea afisa, naye hakuthubutu kupita katikati yao, mpaka Kimeli alipoinuka, akafungua mlango, akawaomba wenzake watoke polepole.

Wakhungu alifutwa papo hapo. Njiani Kimeli alimuuliza kama yule askari alipewa kazi. Wakhungu, aliyekuwa ameiona sinema hadi mwisho, akasema alipewa. Kimeli alicheka mpaka akaketi kando ya barabara.

Peris alikasirika wala hakuficha. Lakini habari zilifika Bungoma, na Sharif, mfanyabiashara wa nafaka karibu na msikiti, akamwita.

“Hayo ya sinema nimesikia,” alisema. “Mimi nataka dereva. Utaanza leo?”

Wakhungu akaomba ufunguo.