Barua Niliyomwandikia Luhende

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta. Ni siku Mama Luhende alipokuja nyumbani kwangu Tinde, karatasi mkononi na bahasha mpya, akaniomba nimwandikie mwanawe aliyekuwa vitani.

Nilikuwa mwalimu kijana, mgeni pale, mzaliwa wa Chato. Mama Luhende alikuwa jirani yangu, mjane anayelima pamba. Kusoma hakujua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Luhende alikuwa mtoto wake wa pekee. Vita vya Kagera vilipoanza alikuwa mgambo, akachukuliwa pamoja na vijana wengine wa kijiji. Magari ya jeshi yalipita barabarani kwetu siku nzima, nasi wanawake tukayapakia magunia ya michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika juani. Mimi nami nilibeba. Adui alikuwa ameingia ndani ya nchi yetu. Hakuna aliyekuwa na swali.

Kisha adui akafukuzwa. Tulishangilia, tukadhani vijana watarudi. Haukupita muda mrefu tukasikia jeshi letu linavuka mpaka, linamfuata huko huko kwake. Hapo moyo wangu ukagoma. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Uganda, na wanawe nilicheza nao utotoni walipokuja kututembelea. Kwenye mkutano wa kijiji nikanyoosha mkono, nikasema, "Adui ametoka. Kwa nini vita visiishie mpakani? Huko mbele nako kuna akina mama na watoto."

Mwenyekiti aliniambia nikae chini. Watu wakaguna, na mzee mmoja akaniita msaliti mbele ya wanafunzi wangu. Maneno yale siyajutii mpaka leo. Tukirudi nyumbani, Mama Luhende alinishika mkono akasema, "Umesema vizuri, mwalimu. Hata mimi nataka waishie hapo, warudi."

Ningeishia pale mkutanoni, nisingekuwa na jambo la kukusimulia. Lakini neno lile la usaliti liliniingia, nikabaki na hasira, na hasira yangu ikakosa pa kwenda. Nikaacha kubeba magunia. Gari la jeshi likipita na watoto wakikimbia kupunga mikono, niliwaita warudi darasani. Nikaanza kuwaona wale vijana waliojaa kwenye magari kana kwamba wao ndio walioamua kuvuka.

Katika hali hiyo ndipo Mama Luhende alinikuta. Aliketi kwenye kigoda changu, akasema polepole ili niwahi kuandika. "Mwambie ng'ombe amezaa, ndama mwekundu. Mwambie michembe ya gunia lenye kamba ya bluu ni yangu, akiiona ale, asiwaachie wenzake yote. Mwambie namuombea kila Jumapili. Mwambie mama yupo, anamngoja."

Niliandika, mwanangu, lakini sikuandika hayo. Niliandika hivi: "Mwanangu, huko mnakokwenda hamkutumwa na Mungu. Mnaingia katika nchi ya watu. Hapa kijijini tunaona aibu kwa ajili yenu, na mimi mama yako siwezi kukuombea ukiwa huko." Nilijiambia kwamba ndiyo maoni yake, kwani si alinishika mkono njiani? Na alipoomba nimsomee, nilishika karatasi ile ile nikamsomea ndama, michembe na Jumapili, kana kwamba vimeandikwa pale. Akacheka kwa furaha. "Wabeja sana, mwalimu," akasema, yaani asante sana. Akaipeleka ofisini mwenyewe kwa miguu, barua zilikokuwa zikikusanywa.

Jibu halikuja. Kila Jumamosi alipita kwangu kuuliza, nami nilimwambia vita vina mambo mengi. Vita vikaisha, vijana wakapokelewa kwa ngoma. Luhende hakuwamo. Mama yake alimfuata mmoja wa waliorudi, kijana aliyekuwa kikosi kimoja na Luhende, akidhani anakwenda kusikia habari ya kifo. Kijana akamwambia, "Luhende mzima, mama. Yuko Geita, anachimba dhahabu. Alisema kwako hawezi kukanyaga, baada ya ile barua uliyomwandikia."

Alinijia mchana ule ule, jasho linamtiririka. "Mwalimu, barua ile ilisema nini?"

Nilitaka kudanganya. Nakwambia kweli, uongo ulikuwa tayari mdomoni: kwamba pengine barua zilichanganywa. Nilipomtazama macho nikashindwa, nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale mlangoni, nami nikatamani anipige.

Ndipo akasema, "Vita hukuvitaka. Mkutanoni ulisema, na wakubwa walikuwepo. Ulikuwa sawa, nami nilikuwa upande wako. Luhende ni mkubwa wa nani? Alitumwa, akaenda. Mimi nilitaka ampate mama yake kule. Wewe ukampelekea mkutano."

Nilimwomba anipeleke nikamkabili mwanawe. Tulisafiri siku mbili, yeye na mimi, na njia nzima alisema nami maneno ya lazima tu. Geita tuliulizauliza machimboni mpaka tukaonyeshwa duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, na wanaume watatu wakivuta kamba. Mmoja wao alichechemea. Mama yake akamwita. Luhende akaiachia kamba, wenzake wakapiga kelele, akaishika tena. Alikuwa amekonda, na alisita kama mtu asiyejua iwapo anaruhusiwa kumkaribia mzazi wake.

Nikasema mbele ya wachimbaji wote, "Barua ile ni yangu. Mama yako alikupa salamu za ndama na maombi. Mimi niliyaacha maneno yake, nikaandika ya kwangu."

Luhende akanigeukia. "Niliisoma siku tuliyomzika rafiki yangu," akasema. "Mwalimu, unadhani mimi nilitaka kuvuka? Usiku niliota nyumbani. Baada ya barua hiyo hata kuota nikaacha." Kisha akamgeukia mama yake, akapiga magoti kwenye lile vumbi akasema, "Shikamoo, mama," na mama akashindwa kuitikia kwa kilio.

Walirudi Tinde pamoja. Miaka mingi Luhende alipita mbele ya nyumba yangu bila kugeuza shingo, nami nilijua ana haki. Siku moja akaja shuleni amemshika mkono binti yake wa kwanza. Alisema jambo moja tu: "Mfundishe vizuri, aje kuandika barua zake mwenyewe." Nilimwandikisha yule mtoto nikiwa nimeinamisha kichwa, asione machozi yangu yakidondokea daftari.

Mwanangu, nakusikia wewe na wenzako mkibishana kuhusu vita vya leo, vijana wetu wanapopelekwa nchi za mbali. Ukiona vita vinapelekwa mahali pasipostahili, sema. Simama mkutanoni, mfuate mbunge, usiogope kuitwa msaliti. Jina hilo halijaniua. Ila maneno hayo yapeleke kwa wenye kuamua, hata kama kwao ni mbali na mlango wao ni mzito. Yule aliyevishwa buti akaambiwa aende, mpe chakula na salamu za nyumbani, na umwombee arudi akiwa na miguu yote miwili. Kumpenda yeye hakukufungi mdomo. Mimi nilidhani lazima nichague, nikamjeruhi mtu ambaye hata risasi zilimhurumia. Na kamwe usiweke maneno yako katika kinywa cha mtu aliyekuamini.

Mungu akupe ujasiri mbele ya wakubwa na upole mbele ya waliotumwa. Akuepushe na aibu kama yangu, na kila uliyemsindikiza kwenda mbali akurudishie akiwa hai, umpokee mlangoni.