Bomba Likiganda, Uliza Kwanza Wamewasha Nini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye apatimenti za Haltom City huku ughaibuni, nilipewa ndoo na spana, nikaambiwa nimfuate Fundi Mkuu, Mkenya mmoja wa kunung'unika. Baridi ilikuwa imeshuka ghafla. Wapangaji walipiga simu asubuhi nzima: sinki hazishushi maji. Ofisi ikawajibu wangoje jua litoke. Mpaka leo jibu hilo linanichemsha.

Kwa Mama Furaha, Mkongomani, mlango ulipofunguka tulipigwa na joto la makaa. Alikuwa ameweka jiko chini ya sinki ili bomba liyeyuke, na madirisha yote kafunga. Wanawe walikuwa kwenye kochi, wamelegea.

"Mama, watoto nje. Sasa hivi," Fundi akasema.

"Inje kuna baridi, Papa. Kwetu tulikuwa tunaota moto mu nyumba kila siku."

"Nyumba ya kwenu ilipumua. Hii haipumui, sumu ya makaa inabaki humu humu. Toka, tutagombana huko nje."

Nilimbeba mdogo. Alikuwa mzito kama mtoto aliyelala, na hakuwa amelala. Koridoni akanitapikia begani, kisha akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile. Gari la wagonjwa likaja, wakapona wote.

Fundi alitoa jiko, akafungua madirisha, na hewa ilipobadilika tukarudi kufanya kazi inavyotakiwa. Unachota maji yaliyosimama kwenye sinki. Unaweka ndoo chini, unafungua kona, yaani lile bomba lililopinda, ili barafu ikiyeyuka maji yapate pa kutokea. Halafu unazungushia bomba taulo zilizochovywa maji ya moto, si yanayochemka, maana plastiki hupinda. Anzia upande ulio wazi, nenda taratibu kuelekea ukutani. Usitie moto. Usimwage dawa ya kuzibulia, itakurukia usoni.

Nilipoanza kulitikisa bomba, Fundi alinifokea: "Haraka ya nini, dada? Barafu haina bosi."

Baadaye nilihamia Gulfton, Houston. Baridi ilipokuja, meneja akaniambia, "Vyoo vya ofisi kwanza, wapangaji baadaye." Nilimwachia funguo mezani, nikapita mlango kwa mlango na taulo zangu. Kazi yangu pale ikaishia hapo.

Sasa nalea mwanangu, na baridi ikitangazwa sikai kitini. Nyie mnaoanza kazi hii, mkipigiwa simu ya sinki lililoganda, msiulize namba ya nyumba tu. Ulizeni wamewasha nini humo ndani, na watoto wako wapi.