Mama Alipoletewa Sale

Nyumbani kwa mama, Maji ya Chai, ukitoka mlango wa jikoni ulikuwa unapita migomba, halafu kahawa kidogo, halafu majani ya ng'ombe, halafu migomba tena, ndipo unaufikia mto. Mwendo huo ulitosha kumaliza hasira. Nilipokuwa msichana mama akinituma maji nami nimenuna, nikifika mtoni nilikuwa nimeshasahau nilichonunia. Nautaja umbali huo mapema kwa sababu ndio tulionyang'anywa, na aliyetunyang'anya tunasali naye kanisa moja.

Mto wenyewe unatoka juu, hifadhini, kwenye msitu wa Mlima Meru. Maji yake yana rangi, ndiyo maana mahali pakaitwa hivyo, na ukiniona nacheka utaijua rangi hiyo kwenye meno yangu. Pale darajani kuna kibao kikubwa cha serikali kinachosema ni marufuku kuchimba mchanga. Kipo mpaka leo, kimepakwa rangi upya juzijuzi. Madereva wa malori ya mchanga huegesha chini yake wakinywa soda.

Mwenye malori hayo ni jirani. Kati ya boma lao na letu kuna njia tu. Alipokuwa mtoto mchanga mama yake akalazwa hospitali miezi na miezi, mama yangu ndiye aliyembeba yeye mgongoni, akamlisha uji, akamwogesha na sisi kwenye beseni moja. Sasa watu wanamwita Tajiri, na yeye anaitika. Alianza na Fuso moja bovu lililokuwa likisukumwa kila asubuhi. Kisha akawaendea wenye mashamba ya kandokando ya mto, mmoja mmoja, kwa upole, akawapa chochote ili vijana wake wachimbe kwenye kingo zao. Wakakubali. Alipofika kwa mama, mama alimpa chai na ndizi za kukaanga, akamwambia hapana, mwanangu, hapa kwangu usiguse. Kwa hiyo akachimba juu yake na chini yake, mama akabaki katikati na ukingo wake mzima, akidhani umesalimika.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga Sekei, nafanya kazi kwenye duka la dawa mjini. Nikija Jumamosi nilikuwa naona mto unavyobadilika. Mashimo yalikuwa marefu kuliko mtu. Kivuko cha mawe tulichokuwa tukipita kwenda ng'ambo kilitoweka. Ndama wa mjane mmoja aliteleza akaingia shimoni akafa maji, na vijana waliokuwa wanapakia mchanga walimvuta, wakamlaza ukingoni, wakaendelea kupakia. Mwenyekiti wa kitongoji alipoulizwa alisema suala linashughulikiwa. Aisee, neno hili linashughulikiwa! Nimelisikia maisha yangu yote na bado sijaona kilichowahi kushughulikiwa nalo.

Akina mama ndio waliochoka kwanza, na mama yangu ndiye aliyewatoa majumbani. Hakuwa na hotuba. Aliingia kila nyumba akauliza kama wana mahindi na maharage. Asubuhi yake walibeba masufuria, mafiga na kuni, wakateremka kwenye njia ya malori, wakainjika makande katikati ya njia. Basi. Hawakupiga kelele, hawakushika bango. Lori lilipokuja dereva alikuta moto unawaka na wamama wamekaa kwenye vigoda wanachambua mboga. Akapiga honi. Mmoja akamwambia asubiri kidogo, yataiva.

Makande yale hayakuiva wiki nzima. Walipokezana. Waliochelewa kuja walileta kuni, waliokuwa na watoto wachanga waliwanyonyesha palepale barabarani. Nilipokuja Jumamosi nilimkuta mama amejifunga khanga kiunoni, uso umejaa moshi, anacheka mpaka machozi yanamtoka kwa sababu dereva mmoja ameishia kuomba sahani. Nilijivunia mama yangu siku ile, nasema wazi. Nilisimama pale na viatu vyangu vya mjini nikatamani watu wote wa dukani wangemwona.

Malori yaliposimama ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba kuna mto. Watu wa ofisi ya maji walituma habari kwamba watakuja Jumatatu kusikiliza. Ila walitaka mlalamikaji, na siyo mlalamikaji yeyote tu: awe mwenye shamba linalopakana na machimbo, asimame mbele yao amtaje anayechimba na aseme ameathirika vipi. Akina mama wakaangaliana. Wengi wao mashamba yao yako juu, mbali na mto. Wenye mashamba ya mtoni walishapokea cha Tajiri, wangesema nini? Alibaki mmoja. Wote wakamgeukia mama, na mama akasema sawa, nitasema.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Bosi wangu, mzee wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyefungua lile duka, alinisikiliza habari ya mto mpaka mwisho, akaniambia nikae na mama mpaka Jumanne. Nikaenda.

Jumamosi alasiri tumekaa jikoni mimi na mama, namfundisha aseme nini kwanza na nini baadaye, kama vile yeye ndiye mtoto. Ndipo tukasikia hodi. Alikuwa Tajiri. Hakuja na gari, alikuja kwa miguu, amevaa koti la kanisani, na nyuma yake mjomba wake mmoja mzee ambaye sikuwa nimemwona miaka mingi. Mkononi Tajiri alishika jani la sale, limefungwa fundo.

Asiyejua nitamweleza. Sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mama yangu ni Mmachame aliyeolewa Umeruni, na kote kuwili mambo ya sale wanayajua. Mtu akikukosea, hata awe amekukosea vibaya namna gani, akija kwako na jani hilo lililofungwa fundo, amekuja kukuomba msamaha. Na ukiletewa hukatai. Anayekataa sale mambo yake hayawi mazuri tena, yeye na uzao wake. Ukishalipokea, neno lile limekwisha. Huendi kulisema kwa balozi wa nyumba kumi, wala kwa mchungaji, wala mahakamani.

Sasa niambieni, mtu huyu aliyejenga ghorofa Njiro, watoto wake hawajui hata salamu ya Kimeru, sale aliikumbuka lini?

Alipiga magoti pale pale kwenye majivu na koti lake. Alimwamkia mama, shikamoo, mama akaitikia, marahaba. Kisha akasema, "Mama, wewe ndiye uliyenibeba. Nimekukosea. Nimekuja unisamehe."

Mama akainama kidogo. Aliliangalia jani. Mimi nililiangalia pia, na nikaona shina lake limekatwa sasa hivi, bado linatoa maji. Yule mtu alikuwa amelikata kwenye mpaka wetu, akiwa njiani kuingia. Hata jani la kuombea msamaha alichuma kwetu! Nikamuuliza, "Na malori? Kuanzia kesho yanasimama?"

Tajiri hata macho hakuinua. Aliyejibu ni yule mjomba, akasema taratibu kwamba sale haijadiliwi, na kwamba aliyeletewa ni mama, siyo mimi. Mama akanitazama mara moja tu, nikanyamaza. Akanyoosha mikono yote miwili akalipokea. Tajiri akalia, jamani, akatoa na machozi, akambusu mama mikono, wakaondoka. Yote hayo hayakuchukua hata muda wa chai kuchemka.

Nilimkalia mama kooni usiku ule na Jumapili nzima. Nilimwambia amedanganywa, kwamba yule mtu hajaomba msamaha, amenunua kimya chake, tena bila hata kununua jani. Nilimwambia mambo mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza huku anamenya ndizi. Mwishoni akasema, "Najua kwa nini amekuja. Sikupokea kwa sababu ni mjinga. Nimepokea kwa sababu nimeletewa."

"Na mto je?"

"Mto una watu wengine, nao wana midomo."

Jumatatu walikuja kweli, gari jeupe, watu watatu. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Akina mama walifika wote, wameoga, wamevaa vitenge vyao vya Jumapili. Afisa akauliza mlalamikaji ni nani. Vichwa vyote vikageuka. Mama alikuwa amekaa mstari wa pili, mikono mapajani, ametazama mbele. Afisa akauliza tena. Mjane wa ndama akamgusa bega. Mama hakuinuka. Mjane akainuka yeye, akaanza kusema habari ya ndama wake, akaulizwa kama shamba lake linapakana na mto, akasema hapana, ila ndama alikuwa anakunywa maji, akaambiwa ahsante, akae. Tajiri alikuwa amesimama nyuma kabisa, amekunja mikono, mpole kama wakati wa sala. Ikaandikwa kwamba hakuna malalamiko.

Jioni ile malori yalipita. Sufuria la makande lilikuwa limeshaondolewa njiani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulirudisha.

Sitasema walimfanyia ubaya mama. Hawakumtukana. Waliacha tu kupita kwake. Kwenye vikoba, vikundi vyao vya kuweka akiba, wakaanza kukutania nyumba nyingine bila kumwambia. Akipeleka ndizi sokoni, wenzake wa miaka yote walisogea wakamwachia nafasi pana kuliko aliyohitaji. Mjane wa ndama humwamkia kwa kichwa tu mpaka leo hii. Mimi mwenyewe nilikaa Sekei wiki nyingi bila kuja, nikituma unga na sukari kwa watu wa Usa River waje wampe. Nilikuwa na hasira naye. Yeye mwenyewe alikuwa na hasira na nani, sikumuuliza.

Mvua za masika zilipokuja, mto haukujua tena njia yake. Juu ya shamba la mama palikuwa pamechimbwa, chini pamechimbwa, na maji yakawa yanaingia kwake kwa nguvu, yanapiga ukingo wake mzima uliobaki. Ulianza kukatika. Migomba ya mtoni ilikwenda kwanza, siku moja mitatu, siku nyingine safu nzima, na mikungu yake. Kisha majani ya ng'ombe. Kisha mikahawa ambayo baba aliipanda kabla sijazaliwa. Mama alinipigia simu akaniambia kwamba akilala anasikia udongo unaanguka. Hakusema nije. Nilikuja.

Nilisimama mlango wa jikoni nikaona mto. Nilihesabu migomba iliyobaki kwa vidole vya mkono mmoja. Ule mwendo wote wa kumaliza hasira haukuwepo, na hasira nilizokuwa nazo sikuwa na pa kuzipeleka. Nililia, kwa sauti, na mama akanishika mgongo.

Ndipo aliposema, "Mimi nilishapokea, siwezi. Wewe hukuletewa kitu. Nenda kaseme."

Nilikwenda. Nilikwenda ofisi yao mjini, nikarudishwa, nikaenda tena. Nilipiga simu mpaka wakaijua sauti yangu. Niliwaambia yote: jina lake, malori yake, mashimo, ndama, kingo. Nilisema kama mtu aliyekuwa amefungwa mdomo kwa mwaka mzima. Na safari hii walinisikia. Walisema watakuja kuangalia wenyewe, na nilirudi Sekei siku hiyo nikiimba.

Wakaja. Lile lile gari jeupe. Mama alikuwa amefagia uwanja na kuwatengea viti na chai. Niliwapeleka mtoni nikawaonyesha. Mashimo ya Tajiri yalikuwa yamejazwa na mafuriko, huwezi kujua palichimbwa wapi, na malori yake yalikuwa yameshahamia mto mwingine kwa sababu huku mchanga umekwisha. Afisa aliandika, akapiga picha, akasema ni uharibifu mkubwa kwa kweli. Kisha akatoa utepe wa kupimia. Nikadhani anapima shamba lililoliwa. Mwenzake alishika ncha ukingoni, yeye akarudi nyuma nao, akapita migomba iliyobaki, akapita jikoni, akafika kwenye ukuta wa nyumba, akasimama. Akasoma.

Alinieleza kwa heshima, siwezi kumsingizia. Alisema sheria inataka mita sitini kutoka mtoni, na ndani ya hizo hakuna ruhusa ya makazi wala shughuli yoyote, kwa ajili ya kulinda mto. Nyumba hii iko ndani. Nikamwambia mto haukuwa hapa. Akasema anaelewa, lakini yeye anapima ulipo leo. Nikamuuliza kuhusu Tajiri. Akasema hilo linashughulikiwa.

Akafungua kopo, akachovya brashi, akachora X nyekundu ukutani, ile ya nyumba za kubomolewa, kubwa, karibu na dirisha la chumba anacholala mama. Mama alikuwa amesimama na birika mkononi. Akamwambia, "Mimi sikujenga mtoni, mwanangu. Mto ndio umeletwa kwangu."

Afisa akasema pole, mama. Chai hawakuinywa, walikuwa na sehemu nyingine ya kwenda.

Gari lilipoondoka mama aliingia ndani akatoka na tambara na mafuta ya taa. Nilimwambia aache, ni kosa kufuta alama ya serikali. Hakunisikiliza. Alisugua mpaka wekundu ukaenea, ukawa doa pana lisilo na umbo, na X yenyewe bado ikionekana katikati. Mimi ndiye niliyewaita. Nilichana khanga yangu kuukuu, nikachovya mafuta, nikasimama pembeni yake nikasugua upande wangu.