Sijauliza Bado

Mama yangu alikuwa mtu wa salamu ndefu, mimi nikawa mtu wa haraka. Nyumbani kwetu, upande wa Sapiwi, salamu ya asubuhi haikuwa kitu cha kutupia mlangoni ukapita. Ulisema "Mwangaluka", ukasimama. Mama akakuuliza umelalaje, mguu ulioumia juzi unaendeleaje, yule ndama mgonjwa kaamkaje, na kwa kila swali ukajibu "mhola", yaani salama, au "mhola duhu", salama tu, au ukasema kama si salama. Akimaliza, ni zamu yako kumuuliza yeye. Usipomuuliza, hasemi la kwake. Kujitangazia maradhi bila kuulizwa, kwake kulikuwa kukosa adabu.

Mwaka ule ushirika haukuwa tena peke yake kwenye pamba. Walikuja wanunuzi binafsi na mizani zao, na mmoja wao akaniajiri ukarani. Katika soko huria nilielewa jambo moja tu: ukichelewa kufungua, wakulima wanahamia kwa jirani. Basi nikawa naamka na mbio. Nikimkuta mama uani anakata viazi vya michembe, vile vya kuanika, nasema huku mguu mmoja uko kwenye pedali, "Mwangaluka mayu, mhola, mhola duhu, yote mhola."

"Sijauliza bado," ananijibu, na kisu hakiachi.

Kituoni niliwasimulia wenzangu, tukacheka sana.

Siku ya mwisho ilikuwa hivyo hivyo, ila viazi vilikuwa bado kapuni na kisu kiko chini. Nililiona hilo. Nikasema moyoni, leo kaamua kupumzika, nikaondoka.

Kabla ya saa sita akaja kituoni mzee jirani yetu na baiskeli yake. Akaanza salamu: habari za kazi, habari za wateja, habari za mguu wangu. Nilikuwa na mzigo juu ya mizani na foleni ya watu nyuma yake. Nikamkatiza.

"Mhola duhu, mzee. Sema shida yako."

Akavua kofia. "Mama yako hatunaye," akasema.

Nadhani alikuwa amepanga kunifikisha pale taratibu. Mimi ndiye niliyemharakisha.

Msibani dada yangu aliniambia kifua kilikuwa kinambana mama tangu juzi yake. Nikamuuliza kajuaje.

"Nilimuuliza habari zake, akaniambia. Alisema wewe ndiye utakayempakia kwenye baiskeli umpeleke hospitali Bariadi. Kwani hukumuuliza?"

Niliona aibu, na nikajichukia. Wazee walinipa pole na kusema siku yake ilikuwa imefika. Huenda. Lakini baiskeli ilikuwepo, na mimi nilikuwepo, na nilikuwa nimeipanda.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa salamu ndefu kuliko hata yeye. Nauliza wazee, watoto, ng'ombe, magoti, na nasubiri jibu la kila kimoja. Kuna watu wazima kabisa hapa mjini wakiniona mbele wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli upande wa pili wa barabara. Siwalaumu, najua hiyo haraka.

Majuzi nilimpigia simu mwanangu aliyeko Dar. Sijafungua kinywa, akasema, "Shikamoo baba, huku poa, watoto wazima, kazi inaenda."

"Marahaba. Sijauliza bado," nikamwambia.

Akacheka, kama nilivyokuwa nikicheka mimi. Akasema yuko kazini, atanipigia jioni, akakata.

Nikakaa na simu mkononi. Nilitamani sana aniulize. Kisha nikampigia tena, na alipopokea nikamwambia, bila salamu na bila kuulizwa, kwamba kifua kinanibana tangu Jumatatu. Mama angesema sina adabu.