Plagi Nne Katika Nyumba ya Eda

Injini inayomisi ina sauti yake, nami niliijua sauti hiyo nikiwa bado nahesabu kwa vidole. Hupiga vizuri mara mbili tatu, kisha huruka pigo moja, kama mtu aliyekatizwa maneno, kisha hukimbilia kufidia. Msimu ule wa vuli, nyumbani kwetu Zinga, sauti hiyo ilituingilia kila asubuhi kupitia dirisha la chumba cha mama, ikifuatana na harufu ya petroli ambayo haikuungua ikaisha. Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa ndani ya eda. Kwa desturi yetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake husema naye kutoka upande wa pili wa pazia. Sina ugomvi na eda. Ugomvi wangu ni na watu wanaoisubiri.

Pikapu ile ya kijani ndiyo iliyotulisha. Baba aliitumia kupeleka nazi na mihogo Dar es Salaam, na mlango wake wa abiria haukufunga mpaka uupige kwa nyonga. Mama alikuwa mdarizi wa kofia, tena wa zile zenye vitundu vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi peke yake. Macho ya baba hayakuona tena vitu vya karibu, kwa hiyo kila alipozisafisha plagi alimletea mama mkekani azipime. Plagi ndiyo inayorusha cheche ndani ya silinda. Kwenye ncha yake pana ulimi mdogo wa chuma, na baina ya ulimi huo na kiini cha kati pana mwanya mwembamba ambao cheche huuruka. Mwanya ukiwa mdogo mno, cheche ni dhaifu. Ukiwa mpana mno, cheche hushindwa kuruka, hasa gari likibeba mzigo, na hapo ndipo injini inapomisi. Baba alikuwa na kipimo cha majani membamba ya chuma yanayokunjwa kama kisu cha mfukoni. Siku moja mama alilinganisha jani alilolitumia baba na sindano yake nene, ile ya kutobolea kofia, akaona vinapita kwenye mwanya uleule kwa kusita kulekule. Tangu siku hiyo hakukitaka tena kile kipimo. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mimi nimeoa gereji!"

Baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja, alichukua ufunguo wa pikapu matanga hayajaanuliwa, na sanduku la vifaa akalichukua siku ya pili. Alisema anatusaidia. Mgala muue na haki yake mpe: mimi nilikuwa mtoto pekee, tena wa kike, na sheria ya mirathi inampa ndugu wa marehemu fungu lake. Hakuna aliyembishia. Lakini fungu si chungu kizima. Alibebea nazi zake mwenyewe kwa muda, kisha gari likaanza kumisi, na asubuhi moja akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, gari limekufa."

"Limekufa na jana umekwenda nalo Bagamoyo?"

"Linajikongoja tu, shemeji. Fundi kasema injini nzima imekwisha. Nimepata mtu wa Kerege, atalichukua kwa kuvunja, auze kipande kipande. Wewe kaa na eda yako. Mambo ya nje niachie mimi."

Baba mdogo alipoondoka, mama aliniita, akaniambia nisikilize pamoja naye. Tulikaa dirishani mimi na yeye huku gari likipanda kuelekea barabarani. Lilipokuwa tupu kwenye tambarare lilikwenda vizuri kiasi. Lilipofika kwenye mwinuko ndipo likaanza kuruka mapigo. "Injini iliyokufa haichagui mlima," mama alisema. "Hizo ni plagi." Alikuwa na hesabu yake, nami niliielewa ingawa nilikuwa mtoto: sababu pekee ya kuliuza ilikuwa kwamba limekufa. Likipona, hakuna sababu. Eda ikiisha atamtafuta dereva, pikapu irudi kazini, nasi tule.

Tulingoja Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini. Pikapu ilikuwa mbele ya nyumba na haikuwa na kufuli inayofanya kazi. Spana ya plagi baba mdogo hakuijua, ilibaki chini ya kiti. Mama alinionya nisichomoe zote kwa pamoja, nisije nikachanganya waya. Nikachomoa moja, nikining'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, nikaifunga plagi kwenye kipande cha kanga kwa kuwa ilikuwa bado na joto, nikakimbia nayo ndani. Mama aliisugua, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akatia sindano. Ilipwaya. Akaugonga ule ulimi taratibu kwa mgongo wa mkasi, akatia tena, akagonga tena, mpaka sindano ikapita kwa kusita. Nikairudisha, nikaileta ya pili. Ya pili ilipwaya vilevile, na ya tatu, na ya nne. Hapo mama aliweka mkasi chini. "Plagi moja ikipanuka ni uchakavu," alisema. "Nne zikipanuka sawasawa ni mkono wa mtu."

Nimejaribu kwa miaka mingi kumtetea baba mdogo. Huenda fundi alizipanga kwa kipimo cha injini nyingine. Huenda yeye hakujua. Sikuona mkono wenyewe, na nisichokiona sikiandiki. Ninachokiandika ni nilichokiona siku iliyofuata.

Mtu wa Kerege alikuja na kamba ya kuvutia gari. Majirani walikuwa barazani, kama kawaida ya nyumba yenye msiba. Baba mdogo aliwasha injini huku akiomba radhi mapema, na injini ikashika mara moja, ikatulia, ikanguruma bila kuruka hata pigo moja. Mtu wa Kerege akaikunja kamba yake. "Mzee, hili ndilo la kuvunja? Hili hata harusi linabeba!" Niliutazama uso wa baba mdogo kwa makini, na sikuona aibu. Niliona mtu anayepanga upya. "Alhamdulillahi," akasema, "basi na bei si ile tena."

Mama alipaza sauti kutoka nyuma ya pazia. Hakuwahi kupaza sauti maishani mwake. "Shemeji! Gari hilo haliuzwi! Lina mwenyewe, lina yatima!"

Mtu wa Kerege aligeuka. "Mama anasema nini?"

"Ana majonzi," baba mdogo akamjibu. "Mwache apumzike."

Barazani palikuwa na watu wazima, waliomzika baba kwa mikono yao. Wote walisikia. Mmoja aliinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba, wengine wakatazama chini, kwa sababu si adabu kuingilia mambo ya wafiwa. Gari likaondoka likipanda ule mwinuko kwa sauti safi, sauti iliyotengenezwa na mama yangu. Baada ya siku kadhaa baba mdogo alileta alichokiita fungu letu, akiwa amekwishatoa fungu lake, gharama zake, na shukurani zake kwa nafsi yake.

Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Leo barabara ya Bagamoyo ni ya lami, plagi huja zimepimwa kiwandani, na mafundi vijana huchomeka kompyuta kwenye gari kabla ya kushika spana. Injini inayomisi naisikia mara chache. Mama ni mzee sasa, na mwaka jana nilimuuliza kama angerudia kuzipanga zile plagi. "Ningezipanua zaidi," alisema, "zisiwashe kabisa."

Lakini pazia lipo palepale. Mwezi uliopita nilikwenda msibani Kerege, mjane akiwa bado msichana, na shemeji yake alikuwa akiwaonyesha watu mipaka ya kiwanja, huku akituambia tusimsumbue mwenye eda. Niliketi kizingitini nikamwambia yule mwanamume asimame pale nje ya pazia, amweleze mjane kwa sauti ni kiwanja gani na anakionyesha kwa idhini ya nani, na barazani pote wasikie. Wale waliokuwa wakionyeshwa kiwanja waliondoka bila kuaga. Wazee walinijia baadaye, wakaniambia nimekosa adabu ya msibani. Kweli nimeikosa. Niliiona ikifanya kazi nikiwa mtoto.